Yatokanayo

Ajenda namba tatu: nafasi kumi, maombi mia na nne,
shahada ya uzamili, misitu na ufugaji nyuki.
Mimi ni karani. Kazi yangu kuandika
waliyokubaliana,
si walivyokohoa kabla ya kukubaliana.

Kwa hiyo sikuandika
kwamba faili la Leokadia Ndayizeye, wa Ulyankulu,
lilizunguka meza mara mbili
kama sahani ya mgeni asiyejulikana anakula nini,
na kwamba Profesa Mlelwa aliuliza,
"Huyu ni wa wapi hasa?"
ilhali mahali pa kuzaliwa pamejazwa,
cheti cha uraia cha baba yake kimebanwa pini,
na alama zake zimeketi pale kimya.
Neno *hasa* halina uzito kwenye mizani,
lakini nimeliona likimrudisha mtu Burundi
asikowahi kukanyaga.

Wala sikuandika kuhusu Kapaya wa Sikonge,
miaka hamsini na moja,
walivyocheka, si kwa ubaya, cheko la watu walioshiba:
"Digrii anataka aende nayo mzingani?"
Ukurasa wa nne wa barua yake alichora kwa penseli
mzinga wa gome uliopasuliwa katikati,
mshale, na maneno matano:
*Hapa ndipo mnapokosea huko vitabuni.*
Hakuna aliyefika ukurasa wa nne.
Mimi nilifika, nikipanga makaratasi.

Saa tano simu ikalia kutoka getini.
Msailiwa wa sita. Shija Mihambo. Kiti cha magurudumu.
Na sisi tuko ghorofa ya pili,
ngazi ishirini na tatu,
nazijua, nazipanda na chai yao.
"Tumsaili kwa simu," mwenyekiti akasema.
"Au vijana wambebe."
Dirishani tulimwona: shati jeupe,
pasi imepita mpaka mikunjo inakata,
anafuta vumbi la Isevya kwenye magurudumu kwa leso
kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Hapo mdomo wangu,
ambao haumo kwenye orodha ya wajumbe,
ukasema: "Tushuke sisi."

Kimya.
Kisha kiti kimoja kikakwaruza sakafu.
Dokta Kalugendo akashika pembe ya meza,
wengine nao wakashika,
meza ya mninga, nzito kama deni la ukoo.
Ikagoma mlangoni.
Wakailaza, wakaisimamisha, wakaipindua miguu juu.
Fundi Sizya akaitwa na tepu yake, akapima, akacheka:
"Hii haitoki. Iliundiwa humu humu ndani.
Aliyeiunda hakuwaza kama kuna siku itahitajika nje."

Tukaiacha.
Tukakaa kantini, kwenye mabenchi,
harufu ya vitumbua imetuzunguka,
magoti yetu usawa na magoti yake.
Aliulizwa maswali kumi na mawili. Moja alikosa.
Mawili aliwarudishia wao,
wakatazamana.

Pale pale faili la Leokadia likafunguliwa upya,
na kwa kuwa meza haikuwepo ya kulisukumia mbele,
kila mtu ilibidi alishike kwa mikono yake.
Amepata. Shija amepata.
La Kapaya lilisomwa mpaka ukurasa wa tatu.
Sitadanganya. Yuko akiba, namba mbili.

Usiku, nyumbani Cheyo, nikaandika muhtasari.
*Mahali pa kikao:* nikafuta chumba,
nikaandika Kantini.

Mwezi huu wamerudi juu.
Meza imepigwa vanishi, inang'aa, inawaonyesha sura zao.
Lakini kikao hakifunguliwi hivi hivi.
Kwanza yasomwe yatokanayo, kwa sauti,
na mwenyekiti ajibu, na jibu liandikwe.
Nimeweka mawili.
La kwanza: ngazi, ishirini na tatu.
La pili: ukurasa wa nne.
Yasipojibiwa, yanahamia kikao kijacho,
na kijacho,
na karani ni mimi.